Maswali ya Wasomaji: Mwezi ni Mmoja, Mbona Bahari Hujaa Mara Mbili?

Barua zilizotufikia safari hii ni nyingi kuliko nafasi tuliyopewa. Nimechagua zile ambazo mwandishi wake ameanza na jambo aliloliona kwa macho yake au kulisikia kwa mtu anayemwamini, kisha akauliza sababu yake. Katika majibu nimejitahidi kueleza pia jinsi mambo haya yalivyojulikana, kwa maana msomaji mmoja aliwahi kuniuliza waliopima ni akina nani na walipima kwa kitu gani, na swali hilo naliona la haki kabisa.

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mvuvi. Wazee wetu walitufundisha kwamba mwezi ndio unaovuta maji ya bahari, nami nalikubali hilo kwa sababu bamvua, yale maji yanayojaa na kupwa kupita kawaida, huja na mwezi mwandamo na mwezi mpevu bila kukosa. Lakini mwezi hupita juu yetu mara moja tu kwa siku, na maji hujaa mara mbili. Kujaa kule kwa pili kunatoka wapi?* (Mvuvi, Pangani)

Marahaba. Wazee wako walikufundisha kweli, na swali lako liliwasumbua watu wenye elimu kubwa kabla yako. Galileo, yule yule aliyeuelekezea mwezi darubini yake mwaka 1609, alikataa katakata kwamba mwezi una mkono katika kujaa na kupwa kwa bahari. Maelezo yaliyosimama yalitolewa na Isaac Newton mwaka 1687.

Siri iko katika umbali. Nguvu ya uvutano hupungua kadiri kinachovutwa kinavyokuwa mbali. Mwezi uko umbali wa kilomita 384,000 hivi kutoka kwetu, na unene wa dunia ni kilomita 12,700 hivi. Kwa hiyo maji ya upande unaouelekea mwezi yako karibu nao kuliko kitovu cha dunia, na kitovu kiko karibu kuliko maji ya upande wa nyuma. Maji ya mbele huvutwa zaidi kuliko dunia yenyewe, basi huitangulia na kuinuka. Dunia nayo huvutwa zaidi kuliko maji ya nyuma, basi huyaacha, nayo yakabaki yameinuka upande wa pili. Ndipo tunapopata miinuko miwili ya maji, mmoja mbele na mmoja nyuma, na Pangani, ikizungushwa pamoja na dunia, hupita katika yote miwili. Kwa kuwa mwezi nao husogea katika njia yake wakati dunia inapozunguka, mzunguko mzima huchukua saa 24 na dakika 50, na ndiyo maana wewe huyaona maji yakichelewa kwa karibu dakika 50 kila siku. Bahari ya kweli haitembei kwa utulivu wa mchoro huu, kwani mabara huyazuia maji na kuyarudisha, hata zipo pwani duniani, kama sehemu za Ghuba ya Meksiko, ambako maji hujaa mara moja tu kwa siku. Pwani yetu ni ya mara mbili.

Bamvua, kwa upande wake, ni kazi ya wawili. Jua pia huinua maji ya bahari, kwa kiasi kisichofika nusu ya kile cha mwezi, na siku za mwandamo na za mwezi mpevu jua, dunia na mwezi huwa katika mstari mmoja, kila kimoja kikiongeza nguvu ya mwenzake. Hapo tofauti kati ya maji kujaa na kupwa katika pwani ya Unguja hukaribia mita 4. Mwezi ukiwa nusu, jua huvuta kwa upande wake na mwezi kwa upande wake, na tunapata maji mafu, yaani bahari haijai sana wala haipwi sana. Jambo lingine linalonivutia sana ni lile wanalolijua akina mama wanaoshuka mwambani kutafuta pweza: katika siku za bamvua, maji hupwa kabisa karibu saa ile ile, yaani saa nne au saa tano asubuhi, mwezi huu na mwezi ujao. Si bahati. Siku ya mwandamo mwezi hupita utosini pamoja na jua la adhuhuri, na siku ya mwezi mpevu hupita utosini usiku wa manane. Kwa hiyo saa ya bamvua imefungwa na saa ya jua, na kila mji wa pwani una saa yake.

Niongeze jambo ambalo hukuuliza. Maji haya yanaposuguana na sakafu ya bahari, dunia hupunguza mwendo wake wa kujizungusha, kidogo mno, na mwezi nao husukumwa mbali nasi. Wanaanga wa Apollo waliacha vioo mwezini kuanzia mwaka 1969, na hadi leo wanasayansi huvirushia miale ya leza na kuhesabu muda inaochukua kwenda na kurudi, ambao ni sekunde mbili na nusu hivi. Kwa njia hiyo tunajua kwamba mwezi hutukimbia sentimita 3.8 kila mwaka. Ushahidi wa zamani umo katika matumbawe, ambayo huongeza tabaka jembamba la chokaa kila siku na kuonyesha alama pana zaidi za mwaka. Mwaka 1963 Mmarekani John Wells alihesabu mistari ya matumbawe yaliyogeuka mawe karibu miaka milioni 400 iliyopita, akakuta takriban siku 400 katika mwaka mmoja. Urefu wa mwaka haukuwa umebadilika. Siku ndiyo iliyokuwa fupi, ya saa 22 hivi.

*Mwalimu wetu darasani alisema kwamba katika sayari ya Zuhura siku moja ni ndefu kuliko mwaka. Wenzangu walicheka. Je, alikosea?* (Mwanafunzi, Kigoma)

Hakukosea, ikiwa kwa siku alimaanisha sayari kujizungusha mara moja. Zuhura hulizunguka jua kwa siku 225 za hapa duniani, lakini hujizungusha yenyewe mara moja kwa siku 243. Tena hujizungusha kinyume na dunia, kwa hiyo anayesimama pale angeliona jua likichomoza magharibi, na kutoka macheo moja hadi mengine zingepita siku 117 hivi za kwetu. Mawingu yake mazito hayaruhusu darubini ya kawaida kuona ardhi. Jambo hili lilijulikana katika miaka ya 1960, wanasayansi walipoipigia sayari hiyo mawimbi ya redio na kuchunguza yalivyorudi.

*Mimi hulima mwani, na nikirudi nyumbani hufua. Nikifua kwa maji ya kisima vidole vyangu hukunjamana upesi, lakini baharini hukaa muda mrefu zaidi kabla ya kukunjamana. Je, ngozi hulowa kama nguo? Na kama hulowa, mbona mkono mzima haukunjamani?* (Mkulima wa mwani, Paje)

Mama, umeona mambo mawili ambayo watu wengi huyapita. Kwa muda mrefu ilidhaniwa, kama unavyouliza, kwamba ngozi hunywa maji na kuvimba. Kisha katika miaka ya 1930 madaktari wa Uingereza wakagundua kwamba mtu ambaye mshipa wake wa fahamu wa mkononi umeharibika, vidole vinavyohudumiwa na mshipa huo havikunjamani hata akivilowesha kutwa nzima. Nguo haina mishipa ya fahamu. Kwa hiyo kukunjamana ni kitendo cha mwili wenyewe.

Maji huingia katika vinyweleo vya jasho, ambavyo ni vingi mno katika ncha za vidole na nyayo. Hali ya chumvi ndani ya vinyweleo hivyo ikibadilika, mishipa ya fahamu hupata habari na kuamuru mishipa midogo ya damu ijibane. Nyama ya ncha ya kidole hupungua ujazo, na ngozi iliyo juu yake, ambayo haikupungua, hulazimika kujikunja. Maji ya bahari yana chumvi nyingi, na katika maji ya chumvi vidole huchelewa kukunjamana kuliko katika maji ya kisima. Macho yako yameona sawasawa.

Faida yake ni nini? Mwaka 2013 watafiti wa Newcastle, Uingereza, waliwapa watu gololi zilizolowa wazihamishe, wakaona kwamba wenye vidole vilivyokunjamana walifanya kazi hiyo upesi zaidi, kana kwamba makunyanzi hupitisha maji pembeni kama mifereji ya tairi la gari. Watafiti wengine waliorudia jaribio la namna hiyo mwaka uliofuata hawakuona tofauti, basi nakuomba ulichukue wazo hili kama dhana nzuri ambayo bado inapimwa. Lakini jambo moja lichukue kwa uzito. Ikiwa kidole fulani kimeacha kukunjamana huku vingine vikikunjamana, na hasa ikiwa kina ganzi, nenda ukamwone daktari, kwa sababu kisukari na ukoma huharibu mishipa ya fahamu, na madaktari wamewahi kuitumia dalili hii kuipima mishipa hiyo.

*Shikamoo Mwalimu. Nimesikia kwamba maji ya moto huganda haraka kuliko ya baridi, na kwamba aliyegundua ni Mtanzania aliyekuwa mwanafunzi kama mimi. Nimejaribu mara moja katika friji ya nyumbani, maji ya baridi yakatangulia. Ni nani mkweli?* (Mwanafunzi wa kidato cha pili, Morogoro)

Marahaba, mwanangu. Habari hii naipenda kuliko zote zilizomo katika ukurasa huu, kwa hiyo nitaieleza kwa kirefu.

Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika shule ya sekondari ya Magamba, huko Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu kwa kuchemsha maziwa, kuyatia sukari, kuyaacha yapoe, kisha kuyaweka katika friji ya shule. Nafasi ilikuwa ndogo. Siku moja Mpemba, akihofia kukosa nafasi, aliyaweka maziwa yake yakiwa bado ya moto, wakati mwenzake aliweka yake bila hata kuyachemsha. Baada ya saa moja na nusu ya Mpemba yalikuwa yameganda, na ya mwenzake bado yalikuwa uji mzito. Alipomuuliza mwalimu wake wa fizikia, aliambiwa kwamba amechanganyikiwa. Baadaye alikutana na wauza aiskrimu wa mjini Tanga, nao wakamwambia kwamba kuweka mchanganyiko ukiwa wa moto ndiyo kawaida yao, kwa kuwa huganda mapema.

Alipofika shule ya Mkwawa, Iringa, alitembelewa pamoja na wenzake na Dk. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam. Mpemba akasimama akauliza: ukichukua vyombo viwili vinavyofanana, vyenye maji ya kiasi kimoja, kimoja kikiwa na nyuzijoto 35 na kingine 100, kwa nini kile cha 100 hutangulia kuganda? Wanafunzi wenzake walimcheka. Osborne hakucheka. Aliporudi Dar es Salaam alihakikisha jaribio linafanyika, likatoa matokeo yaliyomuunga mkono Mpemba, na mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala pamoja katika jarida la kufundishia fizikia. Tangu hapo jambo hili linaitwa duniani kote kwa jina la Mpemba, ingawa Aristotle, Francis Bacon na Descartes waliwahi kuligusia katika maandishi yao.

Sasa nije kwenye friji yenu. Hujafanya kosa, wala Mpemba hakudanganya. Maji ya moto hupoteza sehemu yake kwa mvuke, hupoteza hewa iliyoyeyuka ndani yake, na huzunguka kwa nguvu zaidi ndani ya chombo. Chombo cha moto pia kinaweza kuyeyusha barafu nyembamba iliyo chini yake na hivyo kugusana vizuri na chuma baridi cha friji. Tena maji yanaweza kushuka chini ya sifuri bila kuganda, na hapo la kutangulia huwa ni suala la kipi kilichoanza kushika barafu kwanza. Kila moja ya sababu hizi hubadilika kwa mabadiliko madogo ya jaribio. Mwaka 2016 wanasayansi wawili wa Uingereza, Burridge na Linden, walipima kwa uangalifu mkubwa muda ambao maji huchukua kufika nyuzi sifuri, wakasema hawakuona ushahidi wa kutosha wa jambo hili, na wakaonyesha kwamba kipimajoto kikiwekwa juu au chini kwa sentimita moja tu kinaweza kugeuza jibu. Mwaka 2020 watafiti wa Canada nao walionyesha kwa punje ndogo sana zinazoelea majini, zikiongozwa na leza, kwamba kitu cha moto kinaweza kweli kukitangulia cha vuguvugu katika kupoa. Mjadala haujafungwa.

Kwa hiyo usiishie mara moja. Tumia vyombo viwili vya aina moja, pima maji kwa mizani na si kwa macho, amua kabla ya kuanza kama "kuganda" kwako ni barafu ya kwanza kuonekana au chombo kizima kuwa kigumu, rudia mara kumi, na kila mara badilisha nafasi za vyombo ndani ya friji. Kisha niandikie, hata kama maji ya baridi yatashinda mara zote kumi.

*Mzee mmoja wa ufukweni aliniambia kwamba kamongo akinaswa chini ya maji asiweze kupanda juu, hufa maji. Samaki anawezaje kufa maji?* (Mchuuzi wa samaki, Musoma)

Mzee wako amesema kweli tupu. Kamongo ana mapafu, na akishakuwa mkubwa matamvua yake huwa madogo mno kumtosheleza. Sehemu kubwa kabisa ya hewa yake huivuta kwa mdomo juu ya maji. Akizuiwa na wavu, hukosa pumzi kama ungekosa wewe.

Maji yakikauka, kamongo hujichimbia matopeni, akajikunja, na ute wa mwili wake ukakauka kuwa kama mfuko mwembamba unaomfunika mwili wote isipokuwa tundu la kupumulia mdomoni. Humo huishi bila kula wala kunywa, akitumia nyama ya misuli yake mwenyewe, kwa miezi mingi, na katika maabara wamekaa zaidi ya mwaka mmoja. Tatizo kubwa hapo ni mkojo. Samaki wa kawaida hutoa amonia, ambayo ni sumu kali, na maji huichukua. Aliyefungiwa katika udongo angejiua kwa sumu yake. Kamongo huibadilisha kuwa urea, ambayo si kali, akaihifadhi mwilini hadi mvua inyeshe. Mtaalamu wa figo Homer Smith wa Marekani alimfuata kamongo hadi Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1920 kwa ajili ya jambo hili hasa, akitaka kuelewa figo za binadamu, kwani sisi pia hutoa urea.

Na hilo la undugu si la mbali. Samaki wa jamii ya kamongo ndio walio karibu zaidi na wanyama wa miguu minne, na nasi, kuliko samaki wengine wote walio hai. Mwaka 2024 wanasayansi walitangaza kwamba wamesoma maandishi ya urithi, yaani DNA, ya binamu yake wa Amerika Kusini, wakakuta herufi zipatazo bilioni 91, mara 30 ya zile za binadamu. Sehemu kubwa ni vipande vilivyojirudia tena na tena. Wingi wa maandishi, basi, haumaanishi kiumbe chenye mambo mengi zaidi kuliko sisi.

*Babu yangu husema kwamba alipokuwa kijana aliona roketi ikiruka kutoka baharini, upande wa Ngomeni. Vijana wenzangu hawaamini. Roketi ya nini, na kwa nini huku kwetu?* (Msomaji, Malindi)

Mwamini babu yako. Waitaliano walijenga majukwaa ya kurushia roketi katika ghuba ya Ungwana, na kutoka jukwaa la San Marco, tarehe 12 Desemba 1970, walirusha setilaiti ya Marekani. Siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha miaka saba ya uhuru wake, na setilaiti ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru.

Mahali palichaguliwa kwa sababu nzuri. Dunia inapojizungusha, mtu aliye karibu na ikweta huchukuliwa kuelekea mashariki kwa mwendo wa kilomita 1,670 hivi kwa saa bila kuhisi lolote. Roketi inayorushwa mashariki kutoka hapo huanza safari ikiwa tayari na mwendo huo, na mbele yake kuna bahari tupu, kwa hiyo mabaki yakianguka hayamdhuru mtu.

Uhuru ilikuwa setilaiti ya kwanza kutengenezwa mahsusi kwa ajili ya kutazama anga kwa eksirei. Eksirei zinazotoka angani hazifiki ardhini kamwe, kwa sababu hewa iliyo juu ya vichwa vyetu ina uzito sawa na maji ya kina cha mita 10 na huzizuia zote. Anayetaka kuziona hana budi kupanda juu ya hewa. Hadi ilipomaliza kazi mwaka 1973, Uhuru ilikuwa imeorodhesha vyanzo 339. Kimoja, kiitwacho Cygnus X-1, kilikuwa kikimetameta kwa sehemu ndogo ya sekunde. Kitu kinachobadilika upesi namna hiyo hakiwezi kuwa kikubwa, kwa kuwa hata mwanga usingepata muda wa kukivuka. Wanajimu wakatafuta mahali pale kwa darubini za kawaida, wakaona nyota kubwa inayozunguka pamoja na mwenzi asiyeonekana, kwa siku 5.6 kila mzunguko. Mwenzi huyo leo anakadiriwa kuwa na uzito wa majua 21, nacho ndicho kitu cha kwanza ambacho wengi wao walikubali kwamba ni shimo jeusi, yaani kitu chenye uvutano mkali mno hata mwanga hauwezi kutoka ndani yake. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo ya kisayansi, alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002.

Mwezi wa Septemba, yapata saa tatu usiku, kaa uwanjani na babu yako mtazame kaskazini, juu kidogo ya nusu ya anga. Mtaona nyota zilizopangika kama msalaba mkubwa. Kitu hicho kimo katika shingo ya msalaba ule, na nyota anayozunguka nayo huonekana kwa darubini ndogo.